Namna ya kumtafuta tai taji msituni Rondo bila kumfukuza kiotani

Jozi ya tai taji hulea kinda mmoja tu kila baada ya miaka miwili. Kila hatua ninayoieleza hapa inatokana na jambo hilo, kwa sababu ukimsumbua mama hadi akakiacha kiota, umeupotezea msitu uzazi wa miaka miwili. Kazi yangu ni kuongoza wageni katika misitu ya Lindi, na hivi ndivyo ninavyowafundisha vijana wanaoanza.

Hatua ya 1: Msimu na kibali

Rondo ni uwanda wa juu ulio magharibi mwa mji wa Lindi, na msitu wake wa asili ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Chukua kibali, kisha pita kwa mwenyekiti wa kijiji. Wazee wa Kimwera wanaijua miti mikubwa iliyobaki, na tai huyu hawezi kujenga bila mti mkubwa. Nenda kati ya Juni, watu wanapopulizia salfa kwenye mikorosho, na Novemba. Afrika Mashariki tai hawa huzaliana zaidi katika miezi hiyo.

Hatua ya 2: Tega sikio

Usiingie ndani ya msitu kwanza. Simama ukingoni, mahali unapoona anga pana, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, hewa inapopata joto. Dume hupanda juu sana, hujiachia kushuka kwa kasi, hupanda tena, huku akilia kwa sauti nyembamba: kiwi-kiwi-kiwi. Jike akijibu, sauti yake ni nzito zaidi. Anapomaliza hushukia msituni. Pima uelekeo huo kwa dira ya simu, uandike. Asubuhi nyingine fanya hivyohivyo ukiwa umesimama mahali tofauti. Pale mistari miwili inapokutana kwenye ramani ndipo pa kuanzia kutafuta.

Hatua ya 3: Hakikisha ni yeye

Hapa wengi hupotea. Tai taji ana mabawa mapana na mafupi kwa mwili wake, yenye upana wa mita 1.5 hadi 1.8 yakikunjuliwa, na mkia mrefu wenye mistari. Umbo hilo ndilo linalomwezesha kukata kona kati ya matawi. Chini ya bawa, upande wa mbele, ana rangi ya kahawia nyekundu. Kifua kina mabaka na mistari. Kichwani ana kishungi. Jike huweza kufikia kilo 4.7. Ukiona tumbo jeupe lenye madoadoa na kifua cheusi, mabawa marefu, tena yuko juu ya mashamba, huyo ni tai mkubwa wa nyika. Kinda wao wote wawili ni weupe, lakini wa tai taji ana madoa meusi mapajani na miguuni.

Hatua ya 4: Fuata makelele ya kima

Tai huyu hula zaidi wanyama: kima, perere, paa na watoto wa funo. Hukaa kimya tawini muda mrefu akivizia, kwa hiyo kima humwona kabla yako. Jifunze sauti zao. Utafiti uliofanywa Amboseli, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba tumbili wana mlio wa tai, wa chui na wa nyoka, kila mmoja mbali. Kima wa Rondo nao huwezi kuwadharau: wakipiga kelele huku wakitazama juu na kushuka kwenye vichaka, tulia hapohapo uangalie matawi ya kati.

Hatua ya 5: Soma ardhi

Kiota huwa kwenye panda kubwa la mti, mara nyingi mti mrefu kama mvule. Jozi hukiongeza vijiti mwaka hadi mwaka, na kiota cha zamani huweza kuwa na upana wa zaidi ya mita mbili. Chini yake tafuta kinyesi cheupe, majani mabichi yaliyodondoka na mifupa. Fuvu la kima lenye matundu kwenye mashimo ya macho ni ushahidi mzuri sana. Mafuvu ya namna hiyo, yaliyookotwa chini ya viota katika msitu wa Taï, Afrika Magharibi, ndiyo yaliyotia nguvu hoja ya watafiti Lee Berger na Ron Clarke ya mwaka 1995, kwamba mtoto wa kale wa Taung, wa jamii ya mababu wa binadamu, ambaye fuvu lake lilipatikana Afrika Kusini mwaka 1924, aliuawa na ndege kama huyu. Piga picha mifupa, usiichukue.

Hatua ya 6: Rudi nyuma

Ukishakiona, ondoka. Tazama kwa darubini ukiwa mita 100 au zaidi, umejificha. Jike mwenye kinda hushambulia watu, na kucha zake zinaweza kukujeruhi vibaya kichwani. Mayai hukaliwa siku 50 hivi. Makinda wawili wakianguliwa, mkubwa humuua mdogo mapema. Kinda huruka baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo, kisha huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi tisa hadi kumi na moja. Kwa hiyo hata mwaka mmoja baadaye, usidhani kiota kimeachwa.

Andika tarehe, saa, aina ya mti na ulichoona. Mahali penyewe wape ofisi ya hifadhi peke yao. Picha ukiiweka mtandaoni, zima kwanza alama ya mahali kwenye simu.