Jiwe la volkano la Goma lina densite tatu: namna ya kuzipima jikoni

Mwanafunzi anafungua kitabu, anasoma kwamba basalti, mwamba mweusi wa lava iliyopoa, ina densite ya 2.8 hadi 3.0, yaani gramu hizo kwa kila sentimita moja ya ujazo. Anapima jiwe jeusi la Goma, anapata 2.0, anafuta anaanza upya. Hesabu yake ilikuwa sawa. Amepima jiwe pamoja na hewa iliyomo ndani yake.

Vifaa

Mizani ya elektroniki ya jikoni ya kilo 5 inayoonyesha gramu mojamoja, ndoo ndogo ya plastiki, uzi wa nailoni wa wavuvi, sufuria, kitambaa, nyundo, na chupa ndogo ya kioo yenye mdomo mpana. Mizani ya springi inayoning'inizwa sokoni, achana nayo. Chombo cha mistari ya mililita pia sikipendekezi: mstari hadi mstari ni mililita 50, na hapo kosa ni kubwa kuliko jambo unalotafuta. Uzi wa pamba unakunywa maji, usiutumie.

1. Jiwe

Chagua la ukubwa wa ngumi, gramu 300 hadi 500, lisilo na ufa. Lava ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002 imejaa mjini, hata kwenye kuta za nyumba. Ya 2021 iko upande wa Buhene. Ukienda magharibi, kuelekea Lac Vert na Bulengo, usichutame kwenye mashimo na vibonde kutafuta mawe, hasa alfajiri kusipokuwa na upepo. Mazuku ni kabonidioksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatuama chini. Haina harufu ya kukuonya. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri huku mtoto kando yake amezama ndani ya gesi. Ukiona ndege au mjusi amekufa kwenye shimo, usiteremke, na usimtume mtoto.

2. Kausha, pima

Safisha kwa brashi, anika siku nzima kwenye jua kali. Pima, anika tena, pima. Gramu zikiacha kushuka, jiwe ni kavu. Tuseme ni gramu 412.

3. Shibisha maji

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Ukitumbukiza jiwe kavu moja kwa moja, utaona vipovu vinapanda na namba ya mizani inashuka polepole, bila kutulia. Maji ya ndoo yanaingia kwenye matundu, na ujazo unaoonekana unapungua machoni pako. Wengine wanasoma namba ya kwanza, wengine ya mwisho. Kila mmoja anapata jibu lake.

Kuloweka usiku kucha kunasaidia kidogo, lakini hewa iliyonaswa kwenye matundu membamba haitoki. Afadhali uchemshe. Weka jiwe kwenye maji ya baridi, ndipo uwashe makala, yachemke saa mbili huku ukiongeza maji jiwe lisibaki wazi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100; kwa kazi hii hakuna tatizo. Kisha epua na uliache lipoe ndani ya maji yaleyale hadi kesho. Mvuke uliojaa matunduni ukipoa, unavuta maji kuingia. Ukilitoa likiwa la moto, litavuta hewa, na saa zako mbili zimepotea. Usiliweke kamwe jiwe lenye maji juu ya moto mtupu: linaweza kupasuka na kurusha vipande.

Likishapoa, futa maji ya juu kwa kitambaa chenye unyevu, kilichokamuliwa. Kitambaa kikavu kinafyonza hata maji ya ndani. Pima upesi: tuseme gramu 451.

Jiwe lenye matundu makubwa yanayoingia kidole halifai kwa njia hii, kwa sababu maji yanamwagika kabla hujapima. Hilo lipake nta ya mshumaa iliyoyeyuka mpaka matundu yazibike, lining'inize kama hatua ya 4, kisha toa ujazo wa nta: gramu za nta gawanya kwa 0.9.

4. Ning'iniza

Ndoo yenye maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri. Lining'inize jiwe lililoshiba kwa uzi kutoka kwenye kijiti, lizame lote bila kugusa chini wala ubavuni. Gramu zinazoonekana ni sawa na ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Tuseme 206. Namba ikiruka ghafla, limegusa. Mizani nyingi zinajizima baada ya dakika moja au mbili na kupoteza sifuri yako; funga uzi kabla ya kuiwasha. Maji ya Ziwa Kivu yanafaa, chumvi iliyomo kwenye maji yake ya juu ni kidogo sana.

Jiwe likielea, lisukume chini kwa sindano. Usomaji ni uleule.

5. Hesabu

Densite ya jiwe zima: 412 ÷ 206 = 2.0. Maji yaliyoingia: 451 − 412 = 39, yaani matundu yaliyo wazi ni asilimia 19 ya ujazo. Ukiyaondoa hayo: 412 ÷ (206 − 39) = 2.47. Bado iko chini ya kitabu, kwa kuwa kuna vipovu vilivyofungwa pande zote, ambavyo maji hayavifikii hata uchemshe wiki nzima.

6. Ponda

Funga jiwe kwenye kitambaa kinene, linda macho, ponda mpaka liwe laini kama chumvi ya mezani. Kausha. Jaza chupa maji hadi ukingoni, pima: 540. Punguza maji, tia unga gramu 150, tikisa, weka chupa kwenye maji ya moto vipovu vitoke, acha ipoe, jaza tena hadi ukingoni: 639. Ujazo wa unga ni 540 + 150 − 639 = 51. Densite: 2.94.

Kosa la gramu moja hapa linakusogeza hadi 2.88 au 3.0. Ukipata mizani ya wauza dhahabu inayoonyesha sehemu ya kumi ya gramu, na inabeba uzito wa chupa, itumie.

7. Linganisha

Granito, mwamba wa mabara, ni 2.6 hadi 2.7, ndiyo maana bara hukaa juu kuliko sakafu ya bahari, ambayo ni basalti. Miamba iliyo chini ya ganda la dunia ni karibu 3.3. Walio Lubumbashi wapime jiwe likiwa kavu, kisha waende hatua ya 4 moja kwa moja: malakiti, madini ya kijani yenye shaba, ikiwa safi na isiyo na matundu hukaribia 4.0, dolomiti 2.85. Kipande cha kijani kinachotoa 3.0 kina rangi ya malakiti juu, na mwamba wa kawaida ndani.