Kabla hujaifikisha kampuni ya bima mahakamani kwa neno moja

Wengi wakinyimwa fidia hukimbilia kanuni moja: neno lenye utata husomwa dhidi ya aliyeandika mkataba. Kanuni hiyo ipo, tena ina nguvu. Ila majaji huifikia mwisho, njia nyingine za kutafuta maana zikishagonga mwamba. Kutoelewana kwenu hakulifanyi neno kuwa na utata. Lazima maana zote mbili zikubalike kwa msomaji wa kawaida.

Kwa hiyo tafuta hati nzima: jedwali (ukurasa wenye maelezo ya bima yako), nyongeza zote, na fomu uliyojaza ulipoomba bima. Muhtasari wa kurasa mbili hautoshi. Angalia kama neno lenu limefafanuliwa humo ndani, kwa kuwa likiwa na ufafanuzi wake, kamusi haitakusaidia sana. Kisha tazama maneno linalokaa nayo. Katika kesi ya Young huko Uingereza, miaka ya 1970, maji yalipenya taratibu kutoka ardhini yakafika inchi 3 chooni. Mwenye nyumba akadai ni mafuriko. Mahakama ya Rufaa ikakataa: mkataba ulisema "dhoruba, tufani au mafuriko", na neno lililopangwa na hayo mawili lazima liwe na ukali kidogo. Alishindwa na majirani wa neno lake.

Halafu pambanua kifungu chenyewe ni cha aina gani: cha kutoa kinga, yaani yale ambayo bima imeahidi kulipia, au cha kuiondoa. Kuonyesha kwamba hasara inaingia ndani ya kinga ni kazi yako. Kuonyesha kwamba imeondolewa ni kazi ya kampuni, na vifungu vya kuondoa kinga husomwa kwa maana finyu. Hapo ndipo penye matumaini. Katika kesi ya Houghton, gari la watu 5 lilibeba 6, na bima haikugharimia ajali gari likiwa na "mzigo" uliozidi uwezo wake. Majaji wakasema mzigo ni habari ya uzito, kama wa lori, si abiria aliyebanwa kiti cha nyuma. Kampuni ikashindwa.

Ulizia pia nani aliandika maneno hayo. Kama ni dalali wako, kanuni uliyoitegemea yaweza kukugeukia.

Mwisho, dai barua ya kukataliwa inayotaja kifungu chenyewe, na usiache siku za kutoa taarifa zikapita mkiwa bado mnabishana maana.