Jinsi ya kufuatilia kama serikali inatekeleza kweli sera za kuzuia unene wa kupindukia kwa watoto

Wiki iliyopita nilikaa na mwenzangu anayefanya utetezi wa afya ya watoto. Jedwali lake la kufuatilia sera lilikuwa na majibu mawili tu: "Ipo" na "Haipo". Sera tisa ziliandikwa "Ipo". Tulipozifungua moja moja, nne tu ndizo zilizokuwa zinafanya kazi. Nilimwonyesha njia hii.

Hatua ya 1: Chagua sera chache

Tano zinatosha. Anza na ripoti ya 2016 ya tume ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu unene wa watoto: kodi ya vinywaji vyenye sukari, lebo za mbele ya pakiti, matangazo yanayolenga watoto, chakula cha shuleni. Kipimo cha Food-EPI, kinacholinganisha sera za chakula za serikali na mifano bora ya kimataifa, cha INFORMAS (mtandao wa kimataifa wa watafiti wa mazingira ya chakula) ni kizuri, ila kinahitaji jopo la wataalamu. Kama mko wawili, kiacheni kwanza.

Hatua ya 2: Fungua lahajedwali

Sera moja, mstari mmoja. Sishauri programu za kulipia hata kidogo, kwa sababu faili lako lazima lifunguke kwa mtu mwingine miaka mitano ijayo.

Hatua ya 3: Jua sera imefika wapi

Hapa ndipo kazi ilipo. Niliwahi kupoteza siku mbili nikichambua kodi ambayo bado ilikuwa muswada. Tangu hapo natenga safu saba: tamko, muswada, sheria iliyosainiwa, kanuni, tarehe ya kuanza kutumika, ukaguzi, adhabu. Kila safu ina tarehe na nakala ya waraka. Hotuba ya waziri inajaza safu ya kwanza tu, hata kama magazeti yote yameiandika.

Usiruke safu ya kanuni. Chile ilipitisha sheria yake ya lebo mwaka 2012, lakini zile alama nyeusi za pembe nane, zinazoonya kuwa chakula kina sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi, zilianza kuonekana kwenye pakiti Juni 2016, na viwango vikakazwa tena 2018 na 2019. Ungeandika "imetekelezwa" mwaka 2013, ungekuwa umewadanganya wasomaji wako bila kukusudia.

Soma pia kifungu cha tarehe ya kuanza, halafu misamaha, halafu tafsiri ya maneno. "Waziri atatunga kanuni" na "waziri anaweza kutunga kanuni" ni vitu viwili tofauti kabisa. Marufuku ya matangazo kwenye "vipindi vya watoto" haigusi mechi ya jioni ambayo watoto wanaitazama na wazazi wao. Na hakikisha unasoma toleo lililorekebishwa, kwa sababu kodi hupunguzwa kimyakimya ndani ya sheria ya fedha.

Jambo jingine: anza kupima tangu siku ya tangazo. Uingereza ilitangaza tozo ya vinywaji Machi 2016, ikaanza Aprili 2018 kwa vinywaji vyenye gramu 5 za sukari au zaidi kwa mililita 100. Viwanda vingi vilipunguza sukari katikati hapo. Ukichukua takwimu za mwanzo mwaka 2018, mabadiliko hayo hutayaona.

Hatua ya 4: Omba namba

Wakaguzi wangapi, ziara ngapi, faini ngapi, fedha kiasi gani zilitolewa (si zilizotengwa). Omba kwa barua, utunze nakala iliyogongwa muhuri.

Hatua ya 5: Nenda ukaone

Simama mbele ya rafu, shika pakiti ishirini. Mwenzangu alikuta lebo ya onyo imefunikwa na kibandiko cha bei kwenye pakiti sita za biskuti zilizopangwa usawa wa macho ya mtoto. Hakuna ripoti ya wizara iliyokuwa imelitaja hilo. Piga picha, andika tarehe.

Hatua ya 6: Wape maofisa wasome kwanza

Wapelekee rasimu na wiki mbili za kujibu. Wakileta waraka, badilisha jibu. Wasipoleta, andika kwenye safu hiyo "hakuna ushahidi uliotolewa" pamoja na tarehe ya barua yako.