Gari la zamani lisikuunguzie nyumba: kukagua chini ya boneti na kusaka mwito wa kiwanda kwa namba ya chesisi

Jumamosi ya juzi jirani yangu, mama mwenye duka la vitenge hapa mtaani, aliniita akiwa amesimama mbali na Toyota Vitz yake ya 2007 kama mtu aliyeona nyoka. Boneti ilikuwa inatoa moshi mwembamba wa bluu. Moto haujawaka, ilikuwa oili inakaangika juu ya eksozi. Hilo tulilimaliza mchana uleule. Kilichotula jioni mbili nzima ni swali jingine: je, kiwanda kiliwahi kuliita gari hili lirudi kutengenezwa, na liliitika?

Nikisema mwito wa kiwanda namaanisha pale mtengenezaji anapogundua kasoro ya hatari kwenye magari aliyokwisha kuyauza, akawaandikia wenyewe wayalete yatengenezwe bure. Shida ni kwamba barua huenda kwa aliyesajiliwa kuwa mwenye gari kule Japani. Gari likishapanda meli kuja Dar, wewe uliyelinunua hakuna anayekujua.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Ngoja lipoe

Vua kava la plastiki la juu ya injini. Tumia tochi ya kichwani ili mikono yote miwili iwe huru. Tochi ya simu itakuponyoka na simu itazama huko chini.

Hatua ya 2: Fuata oili inakotoka

Pitisha kitambaa cheupe kwenye ukingo wote wa tapeti kava, kile kifuniko cha chuma au plastiki kilicho juu kabisa ya injini, hasa upande unaoangalia eksozi. Kikitoka cheusi na chenye unyevu, gasketi, yaani mpira unaoziba ukingo huo, imekauka. Wateja wengi hunijibu, "Inavuja kidogo tu fundi, nitakuwa naongeza." Kidogo hicho hicho ndicho kilichoitesa General Motors. Mwaka 2008 waliita magari yenye injini ya V6 ya lita 3.8 huko Marekani, wakaita mengine 2009, kwa sababu oili ya gasketi hii hii ilikuwa inadondokea eksozi manifodi, yale mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini, dereva akifunga breki kwa nguvu. Oktoba 2015 wakalazimika kuyaita upya, takriban milioni 1.4 ya miaka 1997 hadi 2004, maana hata yaliyokwisha kutengenezwa yalikuwa bado yanawaka. Mengi yaliwaka yakiwa yameegeshwa, injini imezimwa. Na marekebisho mapya hayakuwa tayari, kwa hiyo wenye magari wakaambiwa walaze magari nje, mbali na nyumba, mpaka waitwe.

Ukizima injini moto, upepo wa barabarani umekwisha na maji hayazunguki tena, kwa hiyo joto lililobaki linajikusanya chini ya boneti. Ndiyo maana ukinusa harufu ya oili inayoungua ukiwa umeshafika nyumbani, usiingize gari banda lililoshikana na chumba cha watoto.

Weka gasketi mpya. Silikoni si gasketi. Inapakwa kidogo kwenye kona tu, pale kiwanda kilipoagiza, na fundi anayezungushia tyubu nzima mfukuze. Mfukuze pia anayeosha injini kwa petroli. Na kabla hujafunga boneti hesabu matambara: kwenye Vitz ya mama yule nilikuta tambara la gereji limelala juu ya kinga joto ya eksozi, limeshakuwa rangi ya kahawa upande mmoja.

Hatua ya 3: Mipira ya mafuta

Kunja mpira kwa vidole. Ukiona nyufa ndogondogo kama za kisigino, badilisha leo. Injini za EFI, zile zisizo na kabureta, husukuma petroli kwa mgandamizo wa kama bar 3, kwa hiyo mpira wa kabureta haufai hata kama unaingia vizuri. Ukienda maduka ya spea ya Gerezani, Dar, soma maandishi kwenye mpira wenyewe: unataka SAE 30R9. Ulioandikwa 30R7 ni wa mgandamizo mdogo. Usioandikwa chochote ni wa kumwagilia bustani, muuzaji aseme atakavyosema.

Klipu zenye matundu, zile za kukaza kwa bisibisi, hukata mpira polepole. Chukua zenye kingo zilizokunjwa. Bei inazidi, najua.

Hatua ya 4: Umeme

Hii kwangu ni ya chai. Fyuzi nyekundu ni ya ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Kila moja irudi kwenye tundu lake, na ukikuta waya wa shaba mahali pa fyuzi ung'oe. Betri ifungwe isicheze. Waya wa muziki, alamu au taa za ziada uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri. Basi.

Hatua ya 5: Kusaka mwito kwa namba ya chesisi

Hapa ndipo zilipotupotelea jioni mbili, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilifungua tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kwa sababu ndiyo inayotajwa kila mahali. Inataka namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani halina namba hiyo. Lina namba fupi: msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Kwa Vitz ile inaanza na SCP90, kwa Corolla nyingi mnazoziona ni NZE121, kwa Honda Fit ya zamani GD1. Nilijaribu kujaza sifuri mbele ili zifike 17. Usicheke. Baada ya hapo nikaangukia tovuti inayodai kubadilisha namba fupi kuwa ndefu kwa malipo. Usilipe, hakuna namba ndefu ya kubadilishiwa.

Kosa la pili: niliinakili namba kutoka kwenye kadi ya gari. Aliyeijaza kadi alikuwa ameandika B mahali pa 8. Kwa Toyota za Japani, baada ya kistari ni tarakimu tupu, kwa hiyo ukiona herufi pale ujue kuna mtu alikosea. Nenda kasome kwenye kibati chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabati ya abiria, kisha ulinganishe na namba iliyogongwa kwenye bodi. Piga picha. Zikitofautiana una tatizo jingine kubwa zaidi, na hilo si la makala hii.

Sasa nenda kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji mwenyewe. Usiende ule wa Afrika wala wa Ulaya, kwa sababu hao hawana gari lako kwenye daftari lao. Toyota, Nissan, Honda na wengine wana ukurasa wa kutafutia kwa namba ya chesisi, ambayo kwa Kijapani huandikwa 車台番号. Utakuta kisanduku kimoja cha sehemu iliyo kabla ya kistari na kingine cha iliyo baada yake. Mimi nilikuwa nabandika yote kwenye kisanduku cha kwanza na kurudishiwa maandishi mekundu kila mara.

Halafu tafsiri ya kivinjari. Iwashe usome ukurasa, kisha uizime kabla ya kujaza. Kwetu, ikiwa imewashwa, kitufe cha kutafuta kilikuwa hakifanyi kitu, na nilizima na kuwasha simu mara tatu nikidhani ni mtandao. Herufi ziwe za kibodi ya kawaida. Ukinakili kutoka kwenye maandishi ya Kijapani unaweza kubeba herufi pana, ambazo kwa macho ni zilezile lakini mashine haizitambui.

Jibu likija, usitegemee tafsiri peke yake. Tafuta alama hizi: 未実施 maana yake kazi haijafanyika, 実施済 imefanyika. Piga picha ya skrini ikionyesha namba ya chesisi na tarehe. Ukurasa ukigoma kabisa, wizara ya uchukuzi ya Japani nayo ina orodha ya miito kwa modeli, ila pale unapata habari za kundi zima, si za gari lako.

Gari la mama lilikuwa na 未実施 kwenye swichi ya vioo vya mlango wa dereva. Oktoba 2012 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 7.4 duniani kwa swichi hiyo. Grisi yake ilipakwa isivyo sawa kiwandani, swichi inakuwa ngumu na kukwaruza, na mtu akiipulizia dawa ya kulainisha ya dukani, inaweza kuyeyuka, ikatoa moshi na hata kuwaka. Nikamuuliza mama kama swichi iliwahi kukwama. "Ilikwama mwaka jana," akasema, "kijana wa kuosha magari akanipulizia kitu, ikawa laini kabisa."

Niliichomoa palepale.

Hatua ya 6: Kumwendea wakala, na kusubiri

Kwa magari tuliyoyaagiza wenyewe yakiwa yametumika, wakala wa kiwanda aliye hapa nchini hakukuuzia gari, na wengine watakukumbusha hilo kabla hujakaa. Sheria ya Marekani inayompa mwenye gari haki ya kutengenezewa bure kwa miaka 15 tangu lilipouzwa mara ya kwanza ni ya Marekani. Usiende kuitaja kaunta.

Usipige simu. Andika barua pepe yenye picha ya kibati, picha ya skrini na maswali matatu: mtaifanya kazi hii? Nitalipia ufundi? Spea inaagizwa kutoka wapi na itachukua muda gani? Wakala tuliyemwendea alituambia kwa mdomo wiki mbili. Kwa maandishi, siku ileile, ikawa "tutakujulisha spea ikifika".

Mkikuta pia mwito wa mfuko wa hewa (airbag) wa Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa ikiitengeneza, huo uombeni kwanza. Hauhusiani na moto wa injini, lakini kilipuzi chake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na hali ya hewa ya pwani yetu mnaijua.

Hatua ya 7: Wakati mnasubiri

Gari lilale nje, mbali na ukuta, dirisha na mtungi wa gesi, na si juu ya majani makavu. Swichi yenye mwito usiipulizie kitu, hata ile "maalumu ya umeme". Ile ya mama nimeichomoa soketi na kuifunga kwa utepe. Kioo cha dereva hakishuki, analalamikia joto, na ninamwelewa.

Ndani ya gari kuwe na mtungi wa kuzimia moto wa aina ya unga, wa kilo 1 au 2, chini ya kiti, si kwenye buti chini ya magunia. Moshi ukianza ukiwa barabarani: pembeni, zima swichi ili pampu ya mafuta isimame, wote nje, piga 114. Boneti usiifungue wazi, maana unaulisha moto hewa. Vuta kamba ya ndani tu, ipenye kidole, upulizie unga kwenye mwanya huo. Maji usimwage. Mtungi ukiisha na moto bado upo, ondoka.

Leo asubuhi nimepita dukani kwa mama kumwangalizia barua pepe. Wamejibu wanaomba namba ya chesisi, ile ya tarakimu 17.