Kumtega fuko wa shamba la viazi kwa ufito na uzi wa katani

Hakikisha kwanza ni yeye. Fuko anayemaliza viazi Molo na Njoro, huko Nakuru nchini Kenya, ni Tachyoryctes, jamaa ya panya: meno ya rangi ya chungwa yaliyotokeza nje ya midomo, mkia mfupi, macho madogo. Makao yake ni nyanda za juu zenye mvua, toka Ethiopia, Kenya na Uganda hadi kaskazini mwa Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Huko Mlima Elgon yupo pia fuko-dhahabu, asiye na mkia wala macho ya kuonekana. Huyo hula minyoo na wadudu, mwache.

Tafuta lundo la udongo mbichi, mweusi. La jana lililokauka halina maana. Dunga kijiti kandokando mpaka kizame ghafla: hapo ndipo njia, mara nyingi chini ya shibiri moja. Ifukue, uisafishe kwa mkono. Utaona midomo miwili, na hujui fuko yuko upande gani, kwa hiyo tega yote miwili.

Kwa kila mdomo, simika ufito mbichi wa mita moja na nusu, uzame futi moja. Kwenye ncha funga tanzi la waya laini. Toboa ufa mwembamba darini mwa njia, pitisha tanzi, lilaze likigusa kuta. Kisha inamisha ufito na uushikilie kwa uzi wa katani unaokatiza njia wima hadi kwenye kigingi kilichopigiliwa sakafuni. Uzi ukae karibu na mwanga, tanzi ndani zaidi kwa sentimita tano hivi. Ukikosea mpangilio huu, fuko atakata uzi akiwa bado hajaingia tanzini, na utakuta ufito umesimama mtupu.

Usizibe shimo. Fuko huchukia mwanga na upepo njiani mwake, huja akisukuma udongo kuziba, hukuta uzi, huukata kwa meno. Udongo uliolegea ukiachwa ndani, atausukuma ulifukie tanzi. Asipokuja hadi kesho yake, njia hiyo imehamwa.

Maji ni kazi bure. Udongo wa volkeno wa Molo hunywa debe baada ya debe. Sumu nayo humalizia kwa mbwa na bundi.

Kwa kawaida kila fuko ana njia zake peke yake, isipokuwa mama mwenye watoto. Ukishamnasa, bomoa njia kwa jembe kadiri unavyoweza kuifuata, maana nyumba tupu hupata mpangaji mwingine upesi.