Somo: Andaa chumba kimoja kwanza, ndipo mtoto wa mbwa aingie nyumbani

Mtoto wa mbwa huhamia kwa wenyeji wapya akiwa na wiki 8 hivi, na kila kitu kigeni hukijua kwa kukitia mdomoni. Kosa linalorudiwa sana ni kutaka kuandaa nyumba nzima kwa mkupuo mmoja. Watu huchoka, hupitia vyumba juu juu, na kidonge kimoja hubaki chini ya kochi. Andaa chumba kimoja kikamilifu. Vingine vitafuata.

Hatua ya 1: Chumba na kizuizi

Chagua chumba chenye sakafu ya kuosheka na mlango unaofungika, ambamo watu hukaa. Mtoto aliyetengwa hulia na kutafuna zaidi. Jikoni hapafai, kwa kuwa mafuta ya moto, visu na pipa la taka viko pamoja. Mlangoni weka kigeti cha nondo za kusimama, kwa sababu zile za kulala atazipanda. Kichwa kikipenya, mwili nao hupenya au hunasa, hivyo kwa mbegu ndogo nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 4. Kimo cha sentimita 60 hutosha mwanzoni, ila mbwa wa mbegu kubwa atakiruka mapema.

Kizimba cha kulalia kimtoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kikizidi hapo atalala kona moja na kukojoa nyingine. Mvue kola kila anapoingia humo: pete yake hunasa kwenye wavu, naye akijivuta hujinyonga.

Hatua ya 2: Lala kifudifudi na tochi

Ukisimama huoni anachokiona yeye. Lala sakafuni, mulika chini ya kila samani, kisha pitisha mkono pale ambapo mwanga haufiki. Okota sindano, vibanio vya nywele, sarafu, vifungo, vipande vya sponji, soksi na chupi. Nguo za ndani humvutia kwa harufu ya mwili, na akizimeza huziba utumbo.

Vitu viwili vinahitaji uangalifu wa pekee. Cha kwanza ni betri bapa za saa na rimoti: zikikwama kooni huanza kuunguza nyama katika muda usiofika saa moja. Cha pili ni uzi. Ncha moja hunasa chini ya ulimi au tumboni, utumbo hujikunja juu ya uzi uliobaki, na uzi huukata kama msumeno. Ukiona uzi ukining'inia mkunduni usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo uzi ukiwa vilevile ulivyo.

Hatua ya 3: Nyaya za umeme

Chomoa chochote kisichotumika. Nyaya zinazobaki zipitishe nyuma ya samani nzito, au zivishe bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu. Dawa chungu ya kupulizia husaidia, lakini hukauka na kuisha nguvu, na wapo mbwa wanaoilamba tu na kuendelea. Usiitegemee peke yake.

Akinaswa na umeme, zima swichi kuu kabla ya kumgusa. Hata akiinuka na kucheza apelekwe kwa daktari, maana mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Meno ya utotoni, ambayo ni 28, huanza kung'oka kati ya miezi 3 na 4, na meno 42 ya ukubwani hukamilika akikaribia miezi 7. Katika kipindi hicho fizi humuwasha, na waya aliokuwa akiupita bila kuutazama ataung'ata. Kagua chumba upya kila wiki mbili, kwa sababu kimo chake nacho kimebadilika.

Hatua ya 4: Sumu

Dawa zote za binadamu zipande juu, ndani ya kabati linalofungwa. Paracetamol na ibuprofen humdhuru hata kwa kiasi kidogo. Mkoba usiwekwe sakafuni. Huko ndiko vidonge na chingamu hupatikana kwa urahisi. Chingamu isiyo na sukari mara nyingi ina zailitoli (kitia utamu badala ya sukari), ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya nusu saa, na kiasi kikubwa huharibu ini. Soma pia lebo ya siagi ya karanga na dawa ya meno.

Chokoleti kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo hatari. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Vitunguu vya aina zote, hata vilivyopikwa au kusagwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Mifupa iliyopikwa huvunjika kuwa vijiti vyenye ncha kali.

Sumu ya panya iondolewe kabisa, pamoja na ile iliyosahaulika nyuma ya friji. Aina nyingi huzuia damu kuganda, na dalili hujitokeza siku 3 hadi 5 baadaye, wakati mbwa tayari anavuja damu kwa ndani. Usingoje dalili. Nenda siku hiyohiyo, na uchukue pakiti.

Hatua ya 5: Maji, ngazi na nje

Funika ndoo na mapipa ya maji, funga kifuniko cha choo, ziba ngazi juu na chini. Uani, fukia wavu wa chuma sentimita 30 chini ya uzio ili asichimbe. Ng'oa mbarika, oleanda na saikasi. Mbegu za mbarika na saikasi ndizo za kuogopwa zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Naomba kuuliza, afunguliwe chumba cha pili lini?

Jibu: Akimaliza wiki nzima bila kutafuna kisichoruhusiwa. Siku za mwanzo mfunge kamba ya mita 2 kiunoni mwako, aende unakokwenda. Usipoweza kumtazama, arudi chumba cha kwanza.

Swali: Samahani mwalimu, akila chokoleti tumpe maji ya chumvi atapike?

Jibu: Hapana, ndugu. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake. Mpigie daktari mara moja, umweleze uzito wa mbwa, alichokula, kiasi na saa. Yeye ndiye ataamua kama atapishwe. Aliyekunywa mafuta ya taa au asidi hatapishwi kamwe, maana vitamuunguza tena vikipanda au kuingia mapafuni.

Swali: Mbwa wetu wa kwanza alikufa kwa parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaoharisha na kutapisha mbwa. Tukiosha nyumba inatosha kuleta mwingine?

Jibu: Sakafu ngumu inasafishika. Osha kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu blichi. Kisha changanya sehemu 1 ya blichi ya kawaida na sehemu 30 za maji, na sakafu ikae imelowa dakika 10 kabla ya kusuuza. Udongo ndio tatizo: kirusi huweza kuishi humo miezi mingi, hata mwaka, na blichi haifanyi kazi kwenye udongo. Mtoto mpya asikanyage uani hadi daktari athibitishe kuwa chanjo zake zimekamilika; ya mwisho hutolewa akiwa na wiki 16 au zaidi.

Nyongeza ya mwanachama: Usimwage blichi juu ya mkojo ambao haujaoshwa. Amonia ya mkojo ikikutana na blichi hutoa hewa yenye sumu kwa mbwa na kwa watu.

Swali: Amedaka chura na anatokwa povu. Nifanye nini?

Jibu: Inamisha kichwa chake chini, pitisha maji kutoka pembeni mwa mdomo yatokee upande wa pili, yasielekee kooni. Futa fizi na ulimi kwa kitambaa kilicholowa, rudia kwa dakika 5 hadi 10. Akiyumba, akitetemeka au fizi zikiwa nyekundu sana, mnaendelea kumfuta mkiwa njiani kwenda kwa daktari.