Mzee wako alirusha MiG vita vya Kagera? Mrekodi hivi, na anza wiki hii

Rubani aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1978 leo kashavuka 70, na hiyo hesabu ndo inanifanya niandike hapa kwa haraka. Askari wa miguu waliokwenda mpaka Kampala walikuwa maelfu, kila ukoo una wake na wengi wameshasimulia. Marubani wa kivita walikuwa wachache tokea mwanzo, yaani wachache kweli, kwa hiyo kila anayeondoka bila kurekodiwa anaondoka na kitu ambacho hakuna mwingine wa kukusimulia. Mimi nilimrekodi baba yangu mdogo, aliyerusha MiG, ndege za kivita za jeshi letu, kipindi cha vita vya Nduli Idi Amin wa Uganda, ilinichukua karibu mwaka mzima kwa sababu nilianza vibaya. Nakuelekeza ili wewe usipoteze muda kama mimi.

Kwanza kabisa usimwanzishie mbele za watu. Mimi nilifanya hilo kosa siku ya sikukuu, watu wamejaa sebuleni, pilau imeshaliwa, watoto wanakimbia, nikatoa simu nikasema haya bamdogo tuambie ya Uganda. Akacheka akasema "tulikwenda, tukampiga, tukarudi", basi, ikaisha hapo. Watu wakapiga makofi nami nikabaki na rekodi ya sekunde kumi na kitu. Mzee wa jeshi mbele ya kadamnasi atakupa hotuba au atakupa utani, vyote viwili ni mlango kaufunga. Nenda ukiwa peke yako, msalimie vizuri, kaa, ongeeni habari za shamba na za watu wa nyumbani, na siku ya kwanza usitoe simu kabisa. Mwombe tu. Mwambie shikamoo baba, nina shida, nataka wanao na wajukuu waje wasikie sauti yako hata baada ya miaka hamsini, unaniruhusu? Akikubali, ile ruhusa mwombe airudie siku ya kurekodi, iwe mwanzoni kabisa mwa rekodi, jina lake, tarehe, na kwamba amekubali mwenyewe.

Kabla hujarudi kwake nenda kajisomee tarehe, maana zitakusaidia kumshika mkono anapopotea. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita tarehe 2 Novemba kwenye ile hotuba ya uwezo, sababu na nia, siku iliyofuata daraja la Kyaka likavunjwa. Mutukula, mpakani upande wa Uganda, ilichukuliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, mapigano ya Lukaya ni Machi tarehe 10 na 11, Entebbe Aprili 7, Kampala Aprili 11, na mwanzoni mwa Juni vita ikawa imeisha. Hizi siyo za kumsahihishia mzee, tafadhali sana. Ni misumari ya kutundikia stori. Bamdogo aliniambia ndege ya Libya, waliokuwa upande wa Amin, ilipiga Mwanza "mwezi wa tano hivi", nikanyamaza, baadaye nikamuuliza, hiyo ilikuwa kabla Kampala haijaanguka au baada? Akafikiri, akasema kabla, kabla kabisa, maana bado tulikuwa tunalala na viatu. Na kweli, ile Tupolev, ndege ya mabomu, ilikuja tarehe 29 Machi 1979, ilikuwa inatafuta matanki ya mafuta, mabomu yakaenda kuangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Kwa hiyo yeye alikosea mwezi lakini ile habari ya viatu hakuna kitabu kingenipa. Ukimsahihisha papo hapo ataanza kuogopa kukosea, na mtu anayeogopa kukosea anafupisha.

Sasa vifaa. Simu ya kawaida inatosha, usisubiri upate maiki ya maana. Ichaji ifike mia, futa video zisizo na kazi upate nafasi, zima laini zote na WiFi maana simu ikiita katikati ya maneno mazito hutaweza kumrudisha pale alipokuwa. Iweke karibu naye, juu ya kitambaa kilichokunjwa, usiiweke moja kwa moja juu ya meza kwa sababu kila kikombe kikiguswa inasikika kama radi. Feni izimwe. Kama nyumba ni ya bati na wingu limefunga, ahirisha, mvua ya kwenye bati inameza sauti ya mzee yote. Asubuhi baada ya chai ndo muda mzuri, wazee wengi mchana wanachoka na usiku ntakwambia baadaye kwanini siyo. Kama una simu ya pili au mdogo wako anayo, washa zote mbili. Mimi rekodi yangu ya pili ndefu, saa nzima na zaidi, ilikuwa kwenye simu moja tu na ile simu ikalowa maji wiki hiyohiyo kabla sijahamisha kitu, na yale aliyonisimulia siku ile nilipomwomba arudie alirudia lakini yalikuja mafupi, yamekauka, hata leo nikikumbuka naumia.

Halafu rekodi video na siyo sauti peke yake, na hili nalisisitiza kuliko yote. Rubani anasimulia kwa mikono. Siku moja tuko barazani anaeleza walivyokuwa wanaruka wawili wawili, akachukua kijiko cha chai akakiweka mezani, akasema huyu ndo kiongozi, akaweka kisahani nyuma yake pembeni kidogo, akasema mimi huyu, kazi yangu kumtazama mgongo wake. Kisha akainua kiganja cha kulia, vidole vimebana, akakilaza upande taratibu mpaka kidole gumba kikatazama juu, cha kushoto kikafuata hivohivo nyuma, na shingo yake ikageuka nayo kutazama juu ya bega, mzee wa miaka sabini na kitu na shingo yake inayomsumbua, ikageuka yote. Nilikuwa narekodi sauti tu. Ukisikiliza ile rekodi leo unasikia "huyu akaja hivi, mi nikaenda hivi, afu akaniachia hapa", hapa wapi, hakuna anayejua. Tokea siku hiyo nikawa naegemeza simu kwenye kopo la sukari, imetazama kifua na mikono. Uso ukikatika kidogo siyo neno, mikono isikatike.

Maswali yenyewe. Usimuulize "vita ilikuwaje", ni swali kubwa mno, atakujibu kama taarifa ya habari. Na usimuulize aliua wangapi, hata kama watoto watakutuma. Muulize siku. Muulize asubuhi moja, chumba kimoja, mtu mmoja. Mimi lililofungua kila kitu lilikuwa, bamdogo siku ile ya kwanza kuruka mkiwa vitani ulikula nini? Akanyamaza, akasema chai na maandazi mawili, moja nilikula, la pili nikampa fundi wangu. Basi hapo akaingia fundi wa ndege yake, ambaye miaka yote nyumbani sijawahi kusikia habari zake, kijana mdogo kuliko yeye, ndiye aliyekuwa anapanda ngazi kumfunga mikanda, anaikaza mpaka mabega yanauma, akimaliza anampiga kofi moja juu ya helmeti kisha anashuka bila kuaga. Hawakuwa wanaagana, ilikuwa mwiko. Nilipata dakika arobaini kuhusu fundi peke yake, na ndani ya hizo dakika vita yote ipo.

Maswali mengine yaliyonisaidia: ndani ya ndege kunanukaje (mafuta ya taa na mpira wa maski, alisema, na jasho la mwenzio aliyeruka kabla yako). Ile suti ya kurukia, ukipinda ndege kwa nguvu inakubana wapi. Saa za vipimo kwenye dashibodi zinasoma nini, hili nilijifunza kwake, MiG zinasoma mita na kilomita kwa saa wakati viwanja vya ndege vya kiraia wanakwambia futi, kwa hiyo unapiga hesabu kichwani huku unashuka. Alijifunza kwa lugha gani, maana wengi walifundishwa na Wachina au Warusi, tena kwa mkalimani, sasa muulize neno gani la Kichina au Kirusi bado analikumbuka, na mwache alitamke. Muulize ziwa. Waliokaa Mwanza wote wana habari ya ziwa. Wangu alisema hatari ya Ziwa Victoria siyo mawimbi, ni likitulia, asubuhi limetulia kama kioo huoni maji yanaanzia wapi, unajiona uko juu kumbe uko chini, na alikuwa anatafuta mtumbwi wa wavuvi ili macho yapate kitu cha kushika. Alisema hajawahi kumshukuru mvuvi hata mmoja na wao hawajui.

Akinyamaza, nyamaza. Hili ni gumu kwetu, tumezoea kujaza maneno, eeh, ndiyo, pole, haya endelea. Hesabu moyoni mpaka ishirini. Mara nyingi kinachokuja baada ya kimya ndicho ulichokifuata, na ukikirukia hakiji tena.

Kuna mambo usiyaanzishe wewe. Mwanzoni mwa Novemba 1978 ndege zetu zilitunguliwa na askari wetu wenyewe pale Musoma, wale wa chini walidhani ni za adui. Kwa rubani wa wakati ule hao ni watu aliokula nao, aliocheza nao karata. Usiende na hilo swali mkononi eti kwa sababu umelisoma mahali. Kama atalifikia mwenyewe, msikilize, weka kalamu chini, usimuulize nani alikosea. Wangu alilifikia mara ya tano kukutana, alisema sentensi mbili tu kisha akaniomba nizime, nikazima, tukakaa. Sentensi zenyewe siziandiki hapa. Akisema zima, zima kweli, na aone umezima. Vilevile kuna kiapo, wazee hawa waliapa, ukiona anazunguka jambo fulani la silaha au la kambi usimbane, na kama unakusudia kuchapisha kitabu au kuweka video hadharani, nenda kwanza kaulize jeshini taratibu zikoje, ni afadhali kuchelewa kuliko kumtia mzee matatani uzeeni.

Na usimalizie pabaya. Kama leo mmeongea vifo, usifunge daftari ukaaga. Rudi nyuma naye taratibu, muulize siku aliyorudi nyumbani, nani alimpokea, bibi alipika nini. Ndo maana nilisema usiku siyo muda mzuri, ukimwachia yale mambo saa tatu usiku anakwenda kulala nayo peke yake. Shangazi alinipigia simu siku moja akaniambia mwenzio jana hakulala, alikuwa anatembea uani. Nikasimamisha mwezi mzima. Tukirudi tukawa hatuzidishi dakika arobaini na tano, tena kwa wiki mara moja.

Halafu usimsahau mama. Mke wa rubani naye ana vita yake na hakuna anayemuuliza. Mama mdogo wangu alikuwa na mtoto wa miezi minne wakati ule, taa zinazimwa mji mzima usiku, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na alijifunza kuhesabu milio. Zikiondoka mbili anahesabu mbili, anakaa na mtoto mgongoni mpaka zirudi mbili. Mwenyewe bamdogo alikuwa hajui hilo, miaka arobaini na kitu ya ndoa, amelisikia siku nilipokuwa namrekodi mama. Kwa hiyo mrekodi kila mmoja peke yake kwanza, wakikaa pamoja mmoja anamwachia mwenzie aongee.

Ukimaliza siku, kabla hujala, hamisha. Nakala moja kwenye flashi, moja kwenye kompyuta au Google Drive, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Usitegemee kutuma kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa na ubora unashuka, itume kama dokyumenti. Faili lipe jina linaloeleweka, tarehe, jina la mzee na habari yenyewe, siyo ile namba ndefu ya simu, maana baada ya rekodi ishirini hutajua ipi ni ya fundi na ipi ni ya ziwa. Kisha sikiliza na uandike neno kwa neno jinsi alivyosema, akisema "tulimla kichwa" usibadilishe kuwa "tulimshambulia", ile lugha yao ya jeshi nayo ni kumbukumbu. Tarehe zikigongana na vitabu weka maelezo yako pembeni kwa kalamu nyingine, yake iache ilivyo.

Picha zake za zamani zipige zote mbele na nyuma, nyuma huwa kuna maandishi. Kama ana kitabu cha kuandikia safari za ndege, usikichukue kwenda nacho kwako, kipige picha palepale mezani kwenye mwanga wa dirisha, ukurasa kwa ukurasa, huku anakuona.

Na mwisho mwachie daftari na kalamu kando ya kitanda. Mambo yanamrudia saa nane za usiku na asubuhi yameshaondoka. La bamdogo nilikuta ukurasa wa kwanza kaandika kwa herufi kubwa jina la yule fundi, majina yote matatu, na chini yake: "la pili nilimpa huyu."